Panya wametoboa bomba la darini mara mbili: je, ning'oe mabomba yote niweke ya chuma?

Swali: Naishi Arua, kwenye nyumba ya mabati yenye dari, na nyuma nina vyumba vya kupangisha. Maji yanatoka kwenye tangi lililo juu ya mnara, yanapita darini kwa bomba la plastiki la kijani, kisha yanashuka jikoni na bafuni. Mwezi wa kumi na mbili dari ya jikoni ililowa. Fundi akakata kipande, akaunga. Mwezi wa pili imelowa tena, karibu na pale pale. Fundi wa kwanza anasema ni panya. Wa pili anasema panya hana nguvu hiyo, bomba ni feki, ning'oe yote niweke ya chuma. Jirani naye ananiambia nitie sumu, yaishe. Nina wajukuu wadogo na kuku. Nimsikilize nani?

Jibu: Shikamoo mama. Panya anaweza kutoboa bomba la plastiki, na si lazima bomba liwe feki. Meno yake manne ya mbele hayaachi kukua mpaka afe. Yasiposagika yangerefuka zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka, kwa hiyo lazima atafune kitu kila siku. Upande wa mbele wa meno hayo una madini ya chuma, ndiyo sababu yana rangi ya chungwa, na ugumu wake unazidi ule wa shaba na alumini. Bomba la kijani unalolisema ni PPR, yaani plastiki ngumu inayoungwa kwa kuchomelewa. Lile la kipenyo cha milimita 20 lina unene wa milimita 1.9 likiwa la daraja la PN10 (PN ni daraja la shinikizo la maji linalohimili), na milimita 3.4 likiwa la PN20. Soma maandishi yaliyochapwa ubavuni mwake. Kama ni PN10, panya amerahisishiwa kazi. Kama ni PN20, itamchukua muda zaidi, lakini atafika.

Hata hivyo fundi wa pili usimfukuze bado, maana si kila bomba linalovuja darini limeliwa. Muulize fundi wa kwanza kile kipande alichokikata kiko wapi; fundi anayejua kazi yake hukileta mezani ukione. Bomba lililotafunwa lina mikwaruzo miwili miwili iliyolala sambamba, tundu lake ni pana kwa nje na jembamba kwa ndani, na chini yake darini utakuta vumbi la plastiki kama la msumeno. Bomba lililopasuka kwa udhaifu lina ufa mrefu unaofuata urefu wake, wala hakuna mkwaruzo. Kiungo kilichochomelewa vibaya huvujia kwenye mdomo wa soketi, kidogo kidogo, na huacha doa linalopanuka kwa wiki kadhaa kabla dari haijadondoka. Kinyesi nacho kinasema: cha panya mkubwa kina urefu wa sentimita 1 hadi 2, cha panya mdogo wa nyumbani hakizidi punje ya mchele.

Kabla mtu hajapanda kuangalia, zima swichi kuu ya umeme. Panya anayekula bomba anakula na nyaya, na dari iliyolowa yenye waya uliovuliwa ngozi inaua fundi na aliyemshikia ngazi pia. Nalisema hili mapema kwa sababu mafundi wengi wa maji huona umeme ni shauri la mwingine.

Sasa tuulize panya alikuwa anatafuta nini, maana hapo ndipo dawa ilipo. Watu hudhani anatoboa kwa kiu, kwamba amesikia maji ndani ya bomba. Hutokea, hasa kwenu Nile Magharibi, ambako tangu Desemba hadi Februari mvua inakatika, mashamba yanakauka, na mavuno ya karanga, simsim na mtama yamekwisha kuingia ndani ya nyumba. Panya wanafuata gunia, wanakula vikavu, halafu wanahitaji kunywa. Panya mdogo wa nyumbani anaweza kuishi kwa unyevu wa chakula chake tu, lakini panya wa paa, yule mweusi mwenye mkia mrefu kuliko mwili, lazima apate maji. Kiungo kinachotoa tone moja moja darini kwake ni kisima. Atakilamba leo, kesho atakipanua. Miezi uliyoitaja imeangukia humo humo kwenye kiangazi, na ningependa kujua kama kile kiungo cha Desemba kiliachwa kikavu kweli au kilikuwa kinatoa jasho.

Lakini mara nyingi zaidi, kwa ninavyoona mimi, bomba linaumia kwa sababu liko njiani. Panya hapendi kukata mahali patupu. Jino lake linahitaji ukingo wa kushika. Bomba nyoofu, laini, lililo wazi katikati ya dari linamtelezesha. Anapolipata ni pale linapopenya ukutani au kwenye mbao ya kenchi, ambapo fundi alitoboa tundu kubwa kuliko bomba na kuliacha hivyo. Panya anataka kupita kwenye tundu hilo. Anatafuna mbao, anatafuna plasta, na bomba liko katikati, nalo linatafunwa. Kwa hiyo pima: tundu la Desemba na la Februari yako umbali gani kutoka ukuta au mbao iliyo karibu? Kama yote mawili yako ndani ya kiganja kimoja au viwili, jibu umelipata. Ukibadilisha bomba bila kuziba njia, umempelekea panya bomba jipya.

Kuziba ndiyo kazi ya kwanza basi, na ndiyo ya bei ndogo. Panya mkubwa anapita kwenye tundu la sentimita 1.2 hivi, mdogo anapita palipo na milimita 6 tu, yaani pakiingia penseli, hesabu kwamba naye anaingia. Zunguka nyumba mchana ukiwa na mjukuu mwenye macho makali. Angalia bomba la maji linapoingilia ukutani, bomba la sinki linapotokea, waya wa umeme unapoingia chini ya mabati, na ile migongo ya mabati juu ya ukuta ambako mwashi hakujaza saruji. Penye michirizi myeusi ya mafuta ukutani ndipo wanapopita kila usiku. Ni uchafu wa manyoya yao.

Usimruhusu mtu akuzibie kwa lile povu la kopo linalovimba. Linapendeza kwa macho, lakini panya analikata kama mkate. Wavu wa banda la kuku nao macho yake ni makubwa mno. Chukua wavu mgumu wa chuma wenye macho ya milimita 6, ukunje uujaze kwenye tundu, kisha piga saruji na mchanga juu yake. Kwa nyufa nyembamba, nyuzi za chuma za kusugulia sufuria zinafaa zikifunikwa na saruji. Zikiachwa wazi zinaoza kwa kutu.

Hapo kuna jambo ambalo mafundi wengi hulisahau. PPR hurefuka kwa joto, milimita 0.15 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Chini ya mabati ya Arua, kati ya alfajiri na saa nane mchana, joto la darini linaweza kupanda nyuzi 20 bila shida. Bomba la mita 10 litakuwa limesogea sentimita 3. Ukilibana kwa saruji pande zote litajipinda na kuvuta viungo, kisha utarudi kumlaumu panya asiye na kosa. Kwa hiyo kwanza livalishe bomba kikoba cha bati pale linapopita ukutani, kipana kidogo kuliko lenyewe, halafu saruji ishike kikoba, si bomba. Nafasi inayobaki kati ya bomba na kikoba isizidi milimita 5.

Kikoba hicho hicho ndicho kinga ya bomba. Mwambie fundi akate bati bapa lisilo na rangi, alikunje kuzunguka bomba, alifunge kwa waya mgumu, kingo zikiwa zimekunjwa zisiache mdomo wa kung'ata, urefu kama nusu mita kila upande wa ukuta au mbao. Kama anaunga bomba jipya, ni rahisi zaidi: alipitishe ndani ya kipande cha bomba la chuma kipana kidogo kuliko lenyewe kabla ya kuchomelea. Pale ambapo bomba linalala juu ya mbao za dari, liinuliwe kwa vishikizo lisiguse mbao. Panya hutembea juu ya mbao, na bomba lililolala kandokando yake linampa ukingo anaoutaka.

Chini ya sinki la jikoni angalia lile bomba laini la mikunjo linalopindapinda kwenda kwenye maji taka. Lina ukingo kila baada ya nusu sentimita na ndani limejaa mafuta ya kupikia. Liondoe, uweke bomba gumu la plastiki na kiwiko. Hilo ni la lazima hata kama halijaguswa.

Kuhusu kuunga. Uliponiambia tundu la pili liko karibu na la kwanza nilijiuliza pia kama aliunga sawasawa. PPR haiungwi kwa gundi. Gundi ya mabomba ya PVC haishiki kabisa kwenye plastiki hii, hata muuzaji akuapie. Huchomelewa kwa mashine yenye joto la nyuzi 260: bomba la milimita 20 hukaa kwenye chuma sekunde 5, la milimita 25 sekunde 7, kisha linasukumwa ndani ya soketi bila kuzungushwa na kuachwa lipoe. Lazima pawe pakavu. Valvu iliyochoka inayopitisha tone moja inatosha kuharibu kiungo, kwa maana maji yanageuka mvuke na kuacha vipovu ndani. Kama valvu ya tangi haifungi vizuri, ibadilishwe kwanza, au maji yamwagwe yote kabla ya kuchomelea. Ule mpira wa tairi la baiskeli uliokazwa kwa waya ni msaada wa usiku mmoja ukisubiri fundi. Nimekuta ulioachwa miezi, na panya ameula mpira kwanza.

Je, ubadilishe yote uweke chuma? Kwa nyumba yako, hapana. Panya hatakula bomba la chuma, hilo ni kweli. Lakini chuma chenye zinki hushikwa na kutu ndani, njia ya maji inabanwa mwaka hadi mwaka, na kila kona ni kiungo cha nyuzi kinachoweza kuvuja. Kinga za bati kwenye sehemu nne au tano zenye hatari zinakupa karibu faida yote kwa sehemu ndogo ya gharama. Ningetumia chuma mahali pamoja tu: kipande kinachopanda kwenye mnara wa tangi, kwa kuwa hapo jua nalo linachoma plastiki. Bomba lililoko ardhini kutoka mita ya Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka lifukiwe walau sentimita 45. Huko adui ni jembe la mpalizi kuliko panya.

Sasa sumu, na hapa sikubaliani na jirani yako kabisa. Sumu nyingi za dukani huzuia damu isigande, na panya anakufa baada ya siku kadhaa, mara nyingi darini kwako au ndani ya ukuta, anaoza, na huwezi kumfikia. Kuku akidonoa chambo anadhurika, na paka akila panya mgonjwa naye pia. Zile za pakiti zisizo na jina zinazotangazwa kwa kipaza sauti kwenye stendi za magari ndizo mbaya zaidi, kwa sababu mtoto akila, daktari hajui ni sumu gani. Ile ya kuzuia damu kuganda ina tiba, vitamini K, lakini lazima hospitali ijue ni hiyo. Pakiti yenye lebo ndiyo inayomwambia.

Na ninyi wa Arua mna sababu nyingine ambayo mtu wa Kampala hana. Nile Magharibi ni eneo la tauni. Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda ina kituo chake cha tauni hapo hapo Arua kwa ajili hiyo. Ugonjwa huo hubebwa na viroboto wa panya, na panya akifa, viroboto wanatoka kwenye mwili uliopoa kutafuta damu nyingine, nayo inaweza kuwa ya mtoto aliyelala sakafuni. Visa vingi ni vya vijijini, sikutishi, lakini kuua panya kwa wingi ndani ya nyumba bila kushughulikia viroboto kwanza ni jambo ambalo maafisa wa afya wenyewe hawalifanyi. Ukikuta panya wamekufa na hakuna aliyetega wala kutia sumu, usiwaguse; mpeleke mtu akamwambie mhudumu wa kituo cha afya siku ile ile. Na mtu wa nyumbani akipata homa kali ya ghafla pamoja na uvimbe wenye maumivu kwenye kinena au kwapa, asingoje kesho. Tauni inatibika kwa antibayotiki ikiwahiwa.

Ukishaziba matundu, waliobaki ndani watege kwa mitego ya kubana. Panya wa paa anaogopa kitu kipya, kwa hiyo mitego ikae siku tatu au nne ina chambo lakini haijategwa, azoee kula pale. Karanga ya kusaga inamvuta kuliko nyama. Ifunge kwa uzi kwenye kijiti cha mtego asije akailamba na kuondoka. Mtego uwekwe ukielekea ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta, kwa kuwa yeye hutembea akisugua ubavu. Weka mingi usiku mmoja badala ya mmoja kwa usiku mingi. Aliyenaswa mnyunyizie dawa ya viroboto pamoja na mtego wake, mchukue kwa mfuko mkononi, mfukie. Kinyesi cha darini kisifagiliwe kikavu: kiloweshe kwa maji yenye dawa ya klorini, kiache dakika kadhaa, ndipo ukifute, vumbi lisikuingie puani.

Paka? Mweke, anasaidia kwa panya wadogo. Panya mkubwa aliyekomaa humpisha, na darini hafiki.

Chakula kinachowaleta kiko mikononi mwako zaidi kuliko mikononi mwa fundi. Karanga na mihogo mikavu zikae kwenye mapipa ya chuma yenye vifuniko, na pumba za kuku zisiachwe bandani usiku. Wapangaji wa nyuma wahusike. Ukiziba kwako na wao wana magunia sakafuni, panya watahamia kwao kisha watarudi kiangazi kijacho. Matawi ya mwembe yanayogusa mabati yakatwe yabaki zaidi ya mita moja kutoka paa.

Tangi nalo lisisahaulike. Mfuniko ukae vizuri, na mdomo wa bomba la kumwaga maji ya ziada ufungwe kwa ule wavu wa milimita 6. Nguzo za mnara zivalishwe bati laini, upana wa sentimita 30 au zaidi, kwenye kimo cha mita moja kutoka chini, na bomba linalopanda livalishwe pia, maana bomba ni ngazi. Kama kuna siku ulikuta panya ndani ya tangi au kinyesi kwenye maji, usichote tu ukaendelea. Mwaga yote, sugua, jaza maji safi, na kwa tangi la lita 1000 tia karibu lita moja na nusu ya dawa ya klorini ya asilimia 3.5, fungua koki zote mpaka usikie harufu yake, funga, acha usiku kucha, kisha mwaga maji hayo na suuza kabla ya kunywa. Mkojo wa panya hubeba bakteria wa leptospira, na ugonjwa wake huanza kama malaria, kwa hiyo watu wengi hunywa dawa isiyo yake.

Fundi akimaliza, usimruhusu apigilie dari yote siku hiyo. Aache sehemu moja inayofunguka, juu ya jikoni, ya kutosha kuingiza kichwa na tochi. Kisha hakikisha tangi limejaa, funga koki zote usiku, na usiwaache wapangaji wachote. Soma namba za mita, ukizisoma tena alfajiri. Mita huhesabu kwa mita za ujazo, na uniti moja ni lita 1000, ila tarakimu nyekundu au vishale vidogo vinaonyesha hata lita moja moja. Zikiwa zimesogea, anza kwenye boya la tangi la juu na kwenye tangi dogo la choo. Boya lisilofunga hupoteza maji mengi kimya kimya, na lile la choo linarekebishwa ukiwa umesimama chini. Bomba la kutoka tangini kwenda darini mita hailioni moja kwa moja. Kwa hilo weka alama ya chaki kwenye kimo cha maji ndani ya tangi, funga valvu ya kuingizia, na uangalie kama kimo kimeshuka asubuhi.